Je, Wajua? Baba Yanga, Mama Simba, Mtoto wa Kirumba

Je, wajua kwamba moja ya mechi kubwa kuliko zote za Simba na Yanga haikuchezwa Dar es Salaam, bali Mwanza, na kwamba mtoto wa aliyefunga bao la ushindi alikuja kuwa msemaji wa timu iliyofungwa? Ilikuwa tarehe 10 Agosti 1974, Uwanja wa Nyamagana, katikati ya mji. Adam Sabu aliitanguliza Simba dakika ya 16. Bao hilo likakaa. Likakaa mpaka watu wa Msimbazi wakaanza kupeana mikono, na ndipo dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha. Mpira ukaingia dakika za nyongeza, na dakika ya 97 Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, akaipatia Yanga la pili. Mwaka ule Yanga ikawa bingwa.

Manara huyo alikwenda kuichezea Heracles ya Uholanzi mwaka 1977, naye hutajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Mwanawe, Haji Manara, nchi nzima ilimjua akiwa msemaji wa Simba. Mwaka 2021 alipovuka kwenda Yanga, vijiwe vya kahawa vilichemka: wapo waliosema kasaliti, wapo waliosema karudi kwao. Mimi naona la kushangaza zaidi si kule kurudi. La kushangaza ni miaka yote aliyoitetea Simba kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote, huku jina la ukoo wake limeandikwa kwenye kidonda cha Simba cha Nyamagana. Ukitaka ushahidi kwamba timu hairithiwi kama shamba, anzia hapo.

Je, wajua kwamba hata hawa watani wawili walitoka tumbo moja? Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata kundi lililojitenga likaunda Queens, ambayo baadaye iliitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikawa Simba. Mwaka 1976 Yanga ikapasuka tena, ikazaliwa Pan African, iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1982. Familia inayogawanyika sebuleni siku ya dabi inafuata tu nyayo za klabu zenyewe.

Je, wajua kwamba Usukuma ulikuwa na Simba na Yanga yake kabla mpira haujafika? Katikati ya karne ya 19 waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, walishindana kwa ngoma na kwa dawa, na wafuasi wao wakawa vyama viwili: Bagika na Bagalu. Vyama hivyo vipo mpaka leo. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake na mbwembwe zake: wa majembe wanarusha majembe, wa nyoka wanacheza na chatu shingoni. Mshindi ni yule mwenye watazamaji wengi. Hakuna jopo la waamuzi wala alama. Mtazamaji anahukumu kwa miguu yake, maana akichoka na upande huu anahamia ule, na kila mtu anaona kahamia wapi. Kwa sababu hiyo kila chama kilikuwa na wataalamu wa dawa za kuvuta watu, na siku ya mashindano ilitayarishwa kwa miezi.

Nenda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha padri Mkanada, David Clement. Hapo utaona vifaa vya vyama vyote viwili chini ya paa moja, na kila Juni kwenye sikukuu ya Bulabo utaona pande hizo zikishindana hadharani. Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu watu hupenda kusema ushabiki wa Simba na Yanga uliletwa Kanda ya Ziwa na redio. Redio ilileta majina. Tabia ya nyumba moja kuwa na pande mbili, na ya mume kumtania shemeji yake kiangazi kizima kwa sababu ya upande wake, ilikuwa imeshakaa hapa vizazi kadhaa. Tena kanuni ya Bagika na Bagalu ni kali kuliko ya mpira. Kwa kanuni ile, timu ya Mwanza inapoikaribisha Simba na jukwaa zima likawa jekundu, mwenyeji ameshafungwa kabla ya filimbi.

Je, wajua kwamba Mwanza ilikuwa na timu iliyohesabiwa waziwazi kuwa mtoto wa Yanga? Ni Toto African, Wana Kishamapanda. Jina lenyewe lilitangaza ukoo. Kwa mwana Yanga wa Mwanza hii ilikuwa raha kubwa: Jumamosi unashangilia ya nyumbani, Jumapili unasikiliza ya Jangwani, na moyo hausumbuki. Tatizo lilikuja pale baba na mtoto walipopangwa pamoja. Toto ikifungwa na Yanga, mtaa ulisema imeachia. Ikikaza, wengine walinung'unika kwamba mtoto kakosa adabu. Wachezaji waliokuwa wakitokwa jasho pale uwanja wa Kirumba kutafuta mkate wao walibebeshwa tuhuma ambazo hawakuzitenda, na hilo limeniuma siku zote. Mchezaji akikosa bao mbele ya Azam, watu husema amekosa. Mchezaji wa Toto akikosa bao mbele ya Yanga alikuwa na kesi ya kujibu mpaka sokoni. Toto ilirudi Ligi Kuu mwaka 2015 na kushuka tena mwaka 2017.

Je, wajua kwamba dabi ya tarehe 16 Oktoba 2010 ilichezwa CCM Kirumba, na aliyeiamua alikuwa mtoto wa kocha wa Mwanza? Yanga ilishinda 1–0 kwa bao la Jerry Tegete. Baba yake, John Tegete, ndiye aliyewahi kuinoa Toto African. Hii ni familia ambayo mambo yaliingiliana: baba kwa Toto, mwana kwa Yanga, na bao la ushindi nyumbani. Wana Simba wa Mwanza walitoka uwanjani wakiwa na maumivu mawili, ya kufungwa na ya kufungwa na kijana wanayemjua kwao.

Je, wajua kwamba Kirumba ni mali ya Chama Cha Mapinduzi? Ndiyo maana ya herufi tatu mbele ya jina lake. Nyamagana, uwanja wa zamani zaidi, ndio ulio katikati ya jiji, na siku hizi una nyasi bandia.

Je, wajua timu ya Mwanza ambayo haikuwa na baba Kariakoo? Pamba. Jina lake ni la zao lililosomesha watoto wa Usukuma, zao lililouzwa kupitia vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa shirikisho kubwa lenye makao yake Mwanza, chini ya Paul Bomani, aliyekuja kuwa waziri wa fedha wa nchi huru. Kwa hiyo TP Lindanda, kama mashabiki wanavyoiita, haikuwa timu ya mtaa tu. Mkulima wa Magu au Kwimba ambaye hakuwahi kukanyaga Kirumba alikuwa na haki ya kusema ni yake. Mwaka 1990 Pamba ilitwaa ubingwa wa Muungano, juu ya Simba, Yanga na timu za Visiwani. Ukiwakuta wazee wanaosema kwamba wakati ule nyumba zao zilikuwa na timu moja tu, waamini. Timu ya nyumbani ikiwa bora kuliko za Dar, mtu hana haja ya kugawanyika.

Kisha ikashuka, na ikakaa chini zaidi ya miaka 20.

Je, wajua kwamba mwaka 2017, ndani ya wiki nne tu, mashabiki wa Mwanza walilazimika kubadili upande? Hili nalipenda kuliko yote, kwa hiyo niruhusu nilieleze taratibu. Mbao FC ya Ilemela ilipanda Ligi Kuu mwaka 2016 baada ya timu nne, Geita Gold ikiwa mojawapo, kushushwa kwa kosa la kupanga matokeo. Wengi waliiona kama timu iliyopita mlango wa nyuma. Tarehe 30 Aprili 2017, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, Mbao ikaifunga Yanga 1–0 Kirumba. Tarehe 20 Mei, siku ya mwisho ya ligi, ikaifunga Yanga tena 1–0, palepale.

Sasa mweke mwana Simba wa Mwanza katika siku hizo. Mara zote mbili alikuwa Mbao damu. Ile ya 20 Mei ilikuwa na uzito wa pekee, maana Simba na Yanga zilimaliza ligi zikiwa na pointi 68 kila moja, na Yanga ikachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Mbao ilikuwa imefanya yote ambayo timu moja inaweza kumfanyia shabiki wa Simba, na bado hayakutosha. Mwana Simba aliapa siku ile kwamba Mbao ni ndugu yake wa maisha.

Undugu ule ulidumu siku saba. Tarehe 27 Mei, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, fainali ya Kombe la Shirikisho: Simba dhidi ya Mbao. Yule aliyeapa akavaa jezi nyekundu. Na mwana Yanga, ambaye Mbao ilikuwa imemliza mara mbili, sasa akawa ndiye mtetezi wa jiji, anaizungumzia Mbao kana kwamba aliichangia viatu. Dakika 90 zikaisha bila bao. Nyongeza: Fredrick Blagnon akaifungia Simba, Ndaki Robert akasawazisha, na mwisho kabisa Shiza Kichuya akafunga penalti, Simba 2–1. Penalti ile ilibishaniwa mno, na Mwanza waliibishania kwa muda mrefu kuliko Dodoma kwenyewe. Wako waliofurahi kombe na kuona aibu kidogo. Mtu wa namna hiyo si mnafiki. Anapenda vitu viwili, na siku ile vilikutana vibaya.

Je, wajua kwamba mmoja wa wafungaji wakubwa kabisa katika historia ya Taifa Stars ni mzaliwa wa Mwanza, na kwamba baba yake alichezea Pamba na Simba, ilhali yeye moyo wake ulikuwa Yanga? Ni Mrisho Ngassa, mwana wa Khalfan Ngassa. Mwaka 2012 akiwa Azam aliifungia timu yake bao la ushindi dhidi ya AS Vita kwenye nusu fainali ya Kombe la Kagame. Badala ya kushangilia na wenzake, akawakimbilia mashabiki wa Yanga na kuibusu jezi yao. Azam haikusahau, ikampeleka kwa mkopo Simba, klabu ya baba yake. Alipotua Yanga mwaka uliofuata, shirikisho liliamuru ailipe Simba shilingi milioni 45 na kumfungia mechi sita. Wengi wetu ushabiki hutugharimu nauli na soda. Ngassa alilipia wake kwa mamilioni, na sijawahi kusikia kwamba alijuta.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya pili ya ziwa letu, Kisumu, ugomvi wa nyumbani ni wa Gor Mahia na AFC Leopards? Leopards ilianzishwa 1964, Gor mwaka 1968, na Gor ndiyo iliyoleta Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Tofauti ni kwamba kule timu huja pamoja na kabila, Wajaluo upande huu na Waluhya upande ule, kwa hiyo anayeoa ng'ambo ya pili anapata wakwe na wapinzani kwa mpigo mmoja. Simba na Yanga hazina kabila. Ndiyo maana zinaweza kuingia ndani ya chumba kimoja na kuwagawa ndugu wa baba na mama mmoja.

Je, wajua kwamba katika jimbo la Alabama, Marekani, familia hugawanyika kwa timu za vyuo vikuu? Chuo Kikuu cha Alabama na kile cha Auburn hucheza mpira wao wa Kimarekani tangu 1893, na waliwahi kukaa bila kucheza kabisa kuanzia 1907 hadi 1948. Huko mtoto wa nyumba ya Alabama akipokelewa Auburn, wazazi wanalipa ada ya adui. Kwetu Mwanza mwanafunzi anayefika chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe anakuja na timu yake begani kutoka Tanga au Songea, na chuo hakimbadilishi.

Je, wajua kwamba kipa aliyeiharibia Simba sherehe mwaka 2018 alikuwa mtoto wa Msimbazi mwenyewe? Tarehe 19 Mei, Uwanja wa Taifa, Rais John Magufuli alikwenda kuikabidhi Simba kombe la ubingwa. Simba haikuwa imepoteza mechi msimu mzima. Kagera Sugar, timu ya Bukoba, ikashinda 1–0, na Juma Kaseja akaicheza penalti ya Emmanuel Okwi. Kaseja aliwahi kuwa kipa kipenzi cha Simba, na aliwahi kudaka Yanga pia. Rais mwenyewe alikuwa mtu wa Chato, ufukweni mwa ziwa hilihili. Mwana Simba wa Bukoba siku hiyo alikuwa na kombe mkononi na kipigo cha nyumbani mfukoni.

Je, wajua kwamba kwa miaka minne jiji la Mwanza halikuwa na timu hata moja Ligi Kuu? Alliance FC, iliyotoka kwenye kituo cha shule za Alliance na kupanda mwaka 2018, ilishuka 2020. Mwaka huohuo Mbao ikapoteza mchujo mbele ya Ihefu. Gwambina ya Misungwi ilikuwepo msimu mmoja tu, 2020/21, nayo ikaondoka. Jiji la pili kwa ukubwa nchini likawa ukumbi wa wageni. Geita Gold ilikuja kuazima Kirumba kwa mechi zake kubwa. Simba na Yanga zikaja kuchezea hapa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho tarehe 28 Mei 2022, Feisal Salum akafunga, Yanga ikashinda 1–0. Uwanja ulijaa, na hakuna aliyekuwa mwenyeji.

Naihesabu miaka hiyo kuwa ya hasara, na hasara yenyewe haionekani kwenye msimamo wa ligi. Mtoto wa Igoma aliyeanza kuupenda mpira akiwa na miaka sita mwaka 2020 alifika kumi bila kuona timu ya kwao ikicheza na wakubwa. Alichorithi ni cha televisheni ya baba tu: ama kijani, ama nyekundu. Hakupata nafasi ya kujua kwamba upo upande wa tatu. Mtoto wa 1990 alikuwa na Pamba. Mtoto wa 2017 alikuwa na Mbao, na pale Dodoma alilia machozi yake mwenyewe, si ya baba yake.

Je, wajua kwamba Pamba iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024, sasa ikiwa Pamba Jiji na mali ya Halmashauri ya Jiji, ilianza na kocha aliyewahi kuifundisha Simba, kisha ikamchukua mchezaji wa zamani wa Yanga? Wa kwanza ni Goran Kopunovic, Mserbia. Wa pili ni Fred Felix Minziro, beki wa kushoto aliyeng'ara Jangwani. Kwa miezi michache kila upande wa sebule ulikuwa na sababu ya kudai Pamba ni yake.

Novemba ya mwaka huo Simba ikaja Kirumba na kushinda 1–0 kwa penalti ya Leonel Ateba. Jezi nyekundu zilikuwa nyingi, kama ilivyotarajiwa. Sina ugomvi na wazee waliozivaa: mtu aliyeipenda Simba tangu enzi za redio ya mkulima hawezi kuombwa aiache kwa sababu Halmashauri imesajili timu. Ninachowaomba ni kwa ajili ya watoto wao. Ratiba ikitoka, mwananchi wa Mwanza hutafuta kwanza tarehe mbili tu, ya Simba na ya Yanga kuja Kirumba. Zipo nyingine kumi na tatu za nyumbani, dhidi ya timu nyingine za ligi, ambazo sebule nzima inaweza kwenda na kukaa upande mmoja. Mpelekeni mtoto kwenye hizo kwanza. Siku Simba ikija, atakuwa ameshajua anakaa wapi, na kama ni mbali na baba yake, watakutana getini baada ya mechi warudi pamoja.